Kiendeshi Kilichomeza Majina

Jumatano ilikuwa siku ya pasi nyumbani kwa akina Nyamizi. Mama yake alikuwa fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima wa Ngokolo, mjini Shinyanga, na siku hiyo alinyoosha nguo zote za wateja. Kazi ya Nyamizi kabla ya kwenda shule ilikuwa kuwasha mkaa, kuujaza kwenye pasi na kuanza na mashati mepesi. Aliifanya kwa kasi. Kasi ndiyo ilikuwa tabia yake katika kila jambo: kufagia, kuosha vyombo, kula, hata kusali.

"Hiyo kola ina mkunjo," mama yake alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Mama, nani atainama kutazama kola?"

"Mwenye shati."

Nyamizi alicheka, akairudia ile kola, akavaa sare na kutoka. Alikuwa na miaka kumi na minne, yupo kidato cha pili, na Jumatano aliipenda kuliko siku zote. Baada ya masomo ilikuwa zamu ya Klabu ya Kompyuta.

Klabu hiyo iliongozwa na Mwalimu Salome, mwalimu wa hisabati aliyetokea Ushirombo na aliyesomea kompyuta chuo kikuu. Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu, za msaada, na mbili kati yake ziliwaka pale tu zilipojisikia. Lakini mwaka huo klabu ilikuwa na kazi ya kweli, na wanafunzi waliingia chumbani humo wakitembea kama watu wenye ofisi.

Kazi ililetwa na Nesi Epifania. Yeye alikuwa mratibu wa kikundi cha watu wanaochangia damu kwa hiari, na ofisi ya kikundi ilikuwa chumba kimoja ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la shule. Hospitali ikipungukiwa damu, humpigia simu, naye hutafuta wachangiaji. Kadi zao zilijaa maboksi. "Mgonjwa anasubiri, mimi napekua kadi kama kuku anayechakura," aliwaambia wanafunzi siku aliyokuja kuomba. "Nitengenezeeni programu. Niandike kundi la damu, nione jina na namba ya simu. Basi."

Mwalimu Salome aligawa kazi. Boaz, kijana mtulivu wa Ibadakuli, alipewa kutengeneza kurasa za kujazia taarifa. Nyamizi alipewa sehemu ngumu zaidi: kuiunganisha programu na hifadhidata, yaani ghala ambamo taarifa zote za wachangiaji zingetunzwa.

"Programu na hifadhidata hazizungumzi lugha moja," Mwalimu Salome alieleza. "Kati yao huwekwa kiendeshi. Mfikirieni bibi anayejua Kisukuma tu, ameingia kwa daktari asiyejua Kisukuma hata salamu. Atahitaji nini?"

"Mkalimani!" darasa lilijibu.

"Ndiyo. Kiendeshi ni mkalimani. Na wakalimani hawalingani. Kuna anayezijua lugha zote mbili, na kuna anayejua salamu tu, mengine anayaruka. Nyamizi, utatuchagulia. Soma maelekezo ya kila kimoja. Angalia kama kinaendana na toleo la hifadhidata yetu. Angalia kama waliokitengeneza bado wanakihudumia. Halafu kijaribu kwa kila aina ya jina, siyo majina mepesi tu."

"Sawa, Mwalimu," Nyamizi alisema, na moyoni alikwisha kuanza.

Alipata viendeshi viwili. Cha kwanza kilitoka kwa watu walewale waliotengeneza hifadhidata. Maelekezo yake yalikuwa marefu, na yalitaka kwanza programu kadhaa za kompyuta ya shule zisasishwe. Kwa mtandao wa pale, hiyo ilimaanisha kukaa na kutazama mstari mwembamba ukisogea kwenye skrini kama konokono. Cha pili kilikuwa kidogo, kazi ya mtu mmoja asiyejulikana, na watu mtandaoni walikisifia: chepesi, chenye kasi, hakina usumbufu. Kilishuka kwenye kompyuta kabla Boaz hajamaliza kumenya karanga alizokuwa nazo mfukoni.

Boaz alisogea, akaitazama skrini. "Mbona huyu mtu hajakigusa kiendeshi chake miaka mingi? Hifadhidata yetu si ni ya toleo jipya?"

"Kitu kizuri hakihitaji kuguswaguswa," Nyamizi alijibu.

Aliandika jina, Noela. Skrini ikajibu: *Imehifadhiwa.* Akaandika Boaz, kisha Maige, ambalo ni jina la baba yake. *Imehifadhiwa. Imehifadhiwa.* Akatafuta, yote matatu yakatokea kwa kufumba na kufumbua.

Mwalimu Salome alipopita alimuuliza, "Umevisoma vyote viwili?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na umekijaribu hicho?"

"Nimekijaribu. Kinafanya kazi vizuri kabisa."

Kujaribu alijaribu. Kusoma hakusoma, alipitisha macho tu. Lakini mwalimu alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha mikononi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kwenda zake.

Siku ya kukabidhi programu, Nesi Epifania alipiga vigelegele hadi wanafunzi wa madarasa mengine wakachungulia madirishani. Wiki zilizofuata aliingiza kadi zote kwenye kompyuta mpakato ya kikundi, na mara nyingine Nyamizi alivuka barabara kwenda kumsomea. Siku moja alishika kadi ya mjomba wake, Ng'wandu, fundi ujenzi, kaka wa mama yake.

"Huyu ni mjomba wangu!" alisema kwa fahari. "O hasi. Nyumbani anatuambia damu yake ni ya kila mtu."

"Si uongo," Nesi Epifania alisema huku akibonyeza kibodi. "Kundi hilo ni adimu, na linaweza kumsaidia mgonjwa wa kundi lolote. Lakini mwenye O hasi yeye hupokea ya O hasi tu." Skrini ikasema: *Imehifadhiwa.* Kadi ikarudi kwenye boksi, na boksi likapelekwa stoo.

Miezi ikapita. Programu ilitumika mara kadhaa, na kila mara ilitoa majina. Nyamizi alizoea kupongezwa.

Kisha ikaja Jumatano moja ya mwezi wa kumi, jua kali, vumbi jekundu likizunguka uwanjani. Klabu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mlango ulifunguliwa bila hodi, na Nesi Epifania akaingia akiwa na sare yake nyeupe, kompyuta mpakato kwapani, anahema.

"Mwalimu Salome, samahani sana. Kuna kijana ameletwa kutoka machimboni, huko upande wa Bulyanhulu. Anaitwa Amosi. Ukuta wa duara umewaangukia. Wenzake wametoka, yeye amebanwa mguu na jiwe." Wanafunzi walilifahamu neno hilo, duara ndilo shimo ambalo wachimbaji wadogo hushuka kutafuta dhahabu. "Wamempeleka kwenye chumba cha upasuaji. Amepoteza damu nyingi, na kundi lake ni O hasi. Iliyokuwepo hospitali inaisha. Wamenipigia mimi. Nami natafuta humu, hamna kitu!"

Aliweka kompyuta mezani. Skrini ilikuwa na maneno mawili tu: *Hakuna aliyepatikana.*

"Hakuna hata mmoja?" Mwalimu Salome alishangaa. Akatafuta yeye mwenyewe. *Hakuna aliyepatikana.*

"Nilikuwa na hakika wapo," Nesi Epifania alisema, akijifuta jasho kwa kiganja. "Si wengi, lakini wapo. Au walihama? Au nimechanganya?"

Nyamizi alisimama. "Nesi, mjomba wangu! Mjomba Ng'wandu ni O hasi. Nilikusomea kadi yake mwenyewe, ukaiandika nikiona."

Boaz alikuwa amekwisha kuandika jina hilo kwenye nafasi ya kutafutia. *Hakuna aliyepatikana.* Akafuta, akaacha herufi za mwanzo tu, Ng', ili waje wote wenye majina ya namna hiyo. *Hakuna aliyepatikana.*

"Haiwezekani," Boaz alisema taratibu. "Shinyanga hii, watu wote hawa, asiwepo Ng' hata mmoja? Humu darasani tu wapo."

Na kweli walikuwepo. Watoto walitazamana.

Nyamizi aliivuta kompyuta kwake. Alijaza upya taarifa za mjomba wake: Ng'wandu, simu, kundi la damu. Akabonyeza. *Imehifadhiwa.* Akatafuta. Hakuna. Akajaza tena, safari hii akaiacha ile alama ndogo ya juu, ritifaa: Ngwandu. *Imehifadhiwa.* Akatafuta. Jina likatokea palepale, tulivu, kana kwamba halikuwahi kumsumbua mtu.

Hapo ndipo alipoelewa. Hifadhidata huitumia alama hiyohiyo kujua neno limeanzia wapi na limeishia wapi. Kiendeshi kizuri kinajua hilo, nacho huilinda ritifaa iliyo ndani ya jina isichanganywe. Kile cha kwake kilifika kwenye Ng, kikaiona alama, kikadhani jina limekwisha. Mengine yote yakawa hayaeleweki, kikazitupa taarifa zote za mtu huyo, jina na vyote. Na kibaya zaidi, hakikusema. Kilinyamaza, na ukurasa wa Boaz kwa kuona kimya ukaandika: *Imehifadhiwa.*

"Labda mtandao ulikatika siku mlizokuwa mnaingiza," Mwalimu Salome alisema, akikuna kichwa. "Mtandao wetu nao..."

Neno lilikuwa hapo tayari, rahisi kulishika. Mtandao ulikatika. Kila mtu Shinyanga angeamini. Nyamizi alitazama sakafu, kisha akamtazama Nesi Epifania.

"Siyo mtandao, Mwalimu," alisema. "Ni kiendeshi. Nilichagua chepesi kwa sababu kile kingine kilikuwa na maelekezo marefu. Nilisema nimevisoma vyote viwili, sikusoma. Na nilijaribu majina matatu tu, mepesi. Kila mwenye ritifaa kwenye jina lake hayumo humu. Hakuwahi kuingia."

Mwalimu Salome hakupandisha sauti. Alichomoa simu mfukoni akampa. "Hayo tutayazungumza, na tutayazungumza vizuri. Sasa hivi kuna mtu kwenye meza ya upasuaji, na umekwisha kutuambia pa kutafuta. Mpigie mjomba wako."

Simu iliita hadi ikakaribia kukatika. Kisha sauti nzito ikasikika, nyuma yake kelele za mashine ya kuchanganyia zege.

"Shikamoo mjomba. Ni Nyamizi."

"Marahaba mwanangu. Ng'wadila!" akaongeza salamu ya Kisukuma. "Mbona unahema, kuna nini? Mama yako mzima?"

"Mzima, mjomba. Kuna mgonjwa hospitali anahitaji damu yako. Sasa hivi."

Hakuuliza ni nani, wala kama kuna usafiri. "Niko juu ya jukwaa," alisema. "Nashuka."

"Mtu mmoja hatoshi," Nesi Epifania alisema. "Kadi! Ziko stoo. Tutafute zenye Ng' tu, hao ndio waliomezwa; kumbe wenye O hasi wetu wachache wote wamo miongoni mwao."

Klabu nzima ilivuka barabara. Maboksi yalitolewa stoo, yakamwagwa juu ya meza na sakafuni, na kila mwanafunzi akachukua fungu lake. Hawakusoma kila kadi; macho yao yalitafuta ile alama moja ndogo. Walizirusha kando, moja baada ya nyingine: kundi A, kundi B, A tena, O chanya. Nyamizi hakuwahi kujua kwamba mji wake una alama hiyo kwa wingi namna ile.

"Huyu hapa, O hasi!" mmoja alipiga kelele. Nesi Epifania aliitazama kadi, akatikisa kichwa. "Alichangia mwezi uliopita. Mwili wake bado haujairudisha damu hiyo. Endeleeni."

Boaz ndiye aliyeipata nyingine. "Sikujua Ng'wigulu, Ibadakuli. O hasi. Nesi, huyu mama namjua! Anauza mboga karibu na kwetu."

Mama Sikujua alipokea simu genge lake likiwa wazi na wateja wamesimama. Alimwachia jirani mizani yake, akapanda bodaboda na kanga kichwani.

Nesi Epifania alitangulia hospitali. Mwalimu Salome aliwaruhusu wengine warudi nyumbani, lakini Nyamizi aliomba kwenda. Mwalimu alimpigia kwanza mama yake, kisha wakaenda pamoja.

Waliketi kwenye benchi refu la varanda, jua likiwa limeanza kulala upande wa magharibi. Mwanamke mwenye umri wa makamo alikuwa ameketi mwisho wa benchi, miguu imejaa vumbi, ameshika viatu vya mtu mwingine mikononi, buti la kiume na mwenzake. Hakuwa na haja ya kujitambulisha. Alikuwa mama yake Amosi.

Baada ya muda alimgeukia Nyamizi akamuuliza kwa Kisukuma, sauti ndogo, "Nawe mwanangu, unamsubiri nani?"

Nyamizi alivitazama vile viatu. Angesema nini? Namsubiri mwanao, ambaye nusura akose damu kwa uvivu wangu? Mwalimu Salome alimwekea mkono begani. "Tunasubiri pamoja na wewe, mama," alijibu kwa ajili yake, na yule mama akaitika kwa kichwa, akavishika vile viatu kwa nguvu zaidi.

Mjomba Ng'wandu alitokea wa kwanza, nguo zina saruji, pamba imebandikwa kwenye kiwiko. Baada yake akaja Mama Sikujua, chupa ya soda mkononi, akisema wamemlazimisha kunywa na yeye hapendi tamu. Walikaa. Watu waliokuwa wakileta vyakula vya wagonjwa walipita na vikapu vyao, wakawasalimia, wakaendelea.

Mlango wa mwisho wa varanda ulipofunguliwa, alitoka Nesi Epifania pamoja na daktari. Nyamizi hakungoja maneno. Aliusoma uso wa nesi. Ulikuwa umechoka, lakini ulikuwa umefunguka.

"Damu ilifika kabla ile ya akiba haijaisha," daktari alisema. "Mguu tumeuokoa. Amevuka pale pa hatari. Mwacheni alale."

Mama yake Amosi hakulia. Aliviweka vile viatu chini, akasimama, akamshika mjomba Ng'wandu mikono yote miwili, kisha Mama Sikujua, akirudia neno moja tu la shukrani kwa Kisukuma, "Wabeja. Wabeja sana," hadi mjomba, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba tofali, akageuka kutazama ukuta. Aliyelia ni Nyamizi. Alilia kwa kwikwi, na kila kwikwi ilivyotoka ndivyo alivyojisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo aliousahau kichwani.

Kesho yake baada ya masomo, alifika chumba cha kompyuta wa kwanza. Aliyafungua maelekezo ya kile kiendeshi kikubwa mbele yake na kuyasoma kutoka juu, neno kwa neno, akiuliza pale aliposhindwa. Alikuta jambo lililomfanya aone haya: kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa palielezwa namna majina yenye ritifaa yanavyolindwa. Yalikuwepo siku zote. Alianza kusasisha kompyuta. Ule mstari mwembamba ukasogea taratibu, naye akakaa mkao wa kungoja, mikono mapajani. Kazi haikwisha siku hiyo wala iliyofuata.

Boaz naye alirekebisha ukurasa wake. "Hautasema tena *Imehifadhiwa* kwa kuona kimya," alisema. "Kwanza utaenda kulitafuta jina, ulione kwa macho yake, ndipo useme."

Kisha ikaja siku ya majaribio. Nyamizi alizunguka madarasani kuomba majina magumu, na shule ikamletea hazina yake: Ng'wandu, Ng'washi, Ng'wigulu, Nang'ondi, majina ya maneno mawili yenye kistari katikati, jina la babu wa mtu mmoja lililokuwa refu kuliko nafasi ya kuandikia. Aliyaingiza yote, akayatafuta yote. Mawili yalikataa. Aligundua sababu, akatengeneza, akaanza tena upya kutoka la kwanza. Yalipotokea yote bila kukosa hata moja, hakushangilia. Alishusha pumzi ndefu, akamwita mwalimu.

"Njoo ujaribu wewe, Mwalimu. Tafadhali jaribu kuiharibu."

Mwalimu Salome alikaa akajaribu kuiharibu kwa muda mrefu. Haikuharibika.

Jumatano iliyofuata Nesi Epifania alirudi kutoka hospitali na habari. Klabu nzima ilikuwa ofisini kwake, wakiingiza tena kwenye programu iliyorekebishwa zile kadi zilizokuwa zimemezwa, Nyamizi akisoma na Boaz akiandika.

"Amosi ameanza kulalamika," nesi alisema, akitabasamu hadi meno ya mwisho. "Anasema uji wetu hauna sukari. Mgonjwa akifikia kulalamikia uji, huyo amepona."

Kicheko kililipuka chumbani. Hata Mwalimu Salome alicheka hadi akavua miwani. Kicheko kilipopoa, Nyamizi aliweka kadi chini.

"Nesi Epifania, naomba unisamehe. Uliniamini."

"Nimekusamehe palepale uliposema siyo mtandao," nesi alijibu. "Ungekubali kwamba ni mtandao, tungekaa kupiga simu kwa kampuni ya simu, na kadi zingebaki stoo. Ukweli wako ndio uliotuonyesha pa kutafuta."

"Nami nina sehemu yangu," Mwalimu Salome alisema. "Nilikuuliza kama umejaribu, sikukuomba unionyeshe. Tangu sasa katika klabu hii, mtu hataambiwa, ataonyeshwa." Alivaa miwani yake tena, akawatazama wote. "Lakini nataka mlielewe jambo lenyewe. Kiendeshi kile hakikuwa kibaya kwa kila kazi. Mtu aliyekitengeneza huenda kilimfaa, kwa hifadhidata yake ya zamani na majina ya kwao. Kosa lilikuwa kukileta hapa bila kuuliza kama kinatufaa sisi. Mkichagua chombo, msiulize tu kama ni chepesi au kama kimesifiwa. Ulizeni: kitamhudumia nani? Halafu mkijaribu kwa yule ambaye ni rahisi kusahaulika. Kikimpokea huyo, kitawapokea na wengine. Na mkikosea, maana mtakosea, semeni mapema, wakati kosa bado linarekebishika."

"Ndiyo, Mwalimu," walijibu.

"Haya, kazi iendelee. Wagonjwa hawatungoji."

Nyamizi alichukua kadi iliyofuata. Aliisoma polepole, herufi kwa herufi, na ritifaa yake. Boaz akaandika. Programu ilikaa kimya kidogo, ikilitafuta jina lile, kisha ikaandika *Imehifadhiwa*, na safari hii ilikuwa kweli.